Imani ya Umma Haijengwi kwa Taarifa: Funzo Kutoka Kitengela na Kajiado

Wahenga walituachia wosia mfupi: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Aghalabu sisi walimu huufafanua wosia huo darasani kwa kuwatajia wanafunzi nyumba ya udongo iliyoanza kupasuka pembeni. Leo ningependa kuutumia kwa ufa wa namna nyingine, ule unaotokea baina ya shirika la umma na watu ambao shirika hilo liliundwa kuwatumikia. Ufa huo hauonekani kwa macho, wala hausikiki ukipanuka. Huonekana siku ya msiba, wakati shirika linaponena na hakuna anayelisadiki.

Mfano ninaotaka tuutazame uko karibu nasi. Msafiri atokaye Athi River kuelekea Namanga hupita Kitengela, kisha Isinya, ndipo aufikie mji wa Kajiado. Nyuma ya maghorofa, maduka na ploti zilizozungushiwa seng'enge, yangaliko mabaki ya nyika ambayo tangu jadi ilikuwa malisho ya nyumbu na pundamilia. Wakati wa mvua wanyama hao walitoka katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi wakatawanyika nyikani. Kiangazi kilipoingia walirejea mbugani kufuata maji. Simba nao waliwafuata. Mbuga hiyo, iliyotangazwa rasmi mwaka 1946 na iliyo ya kwanza nchini Kenya, ina eneo la kilomita mraba 117 tu. Pande zake zinazotazama jiji zina ua. Upande wa kusini, unaotazama Kitengela, uliachwa wazi makusudi, maana ukizibwa mbuga itageuka kuwa zizi.

Hapo ndipo penye kiini cha mgogoro. Mnyamapori nchini mwetu ni amana ya taifa. Mfugaji haruhusiwi kumwinda. Uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Basi mfugaji akiambiwa amvumilie simba asiye wake, mwenye simba naye hana budi kujibu pindi simba huyo anapovunja zizi. Mwenye kujibu kwa niaba ya taifa ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lililoanza kazi mwaka 1990. Huo ni mkataba, hata kama haukutiwa saini na mzee yeyote wa Kajiado. Na mkataba wowote husimama juu ya imani.

Je, imani hiyo ilipasukia wapi? Wengi hudhani ilipasuka siku simba wa kwanza alipochomwa mkuki mbele ya kamera. La hasha. Ufa ulianza zamani, hata kabla ya shirika lenyewe kuzaliwa.

Tutazame Amboseli, kusini mwa Kajiado. Eneo hilo lilipofanywa mbuga ya taifa mwaka 1974, wafugaji wa Kimaasai walitakiwa kuyaacha mabwawa ambayo ng'ombe wao walikuwa wakinywa maji miaka yote. Katika mapatano yaliyofuata mwaka 1977 waliahidiwa mabomba ya maji nje ya mbuga pamoja na malipo ya kuwafidia malisho waliyoyapoteza. Mabomba yalijengwa kweli, na maji yakatoka. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 mitambo iliharibika, malipo yakakatika, na wafugaji wakarudi na mifugo yao mabwawani, maana ng'ombe hanywi ahadi. Kisha mwaka 1989 fidia ya mifugo na mazao yaliyoharibiwa na wanyama ilisimamishwa, kwa kuwa utaratibu wake ulikuwa umeingiliwa na udanganyifu. Aliyedanganya aliondoka na fedha zake. Asiyedanganya akaadhibiwa pamoja naye.

Mwaka huo huo wa 1989, mwezi wa Julai, Rais Moi aliwasha moto uliounguza tani 12 za pembe za ndovu katika Mbuga ya Nairobi. Dunia nzima iliuona moshi ule. Richard Leakey, aliyekuwa amekabidhiwa idara ya wanyamapori na ambaye baadaye aliongoza KWS katika miaka yake ya mwanzo, alifaulu kuuthibitishia ulimwengu kwamba Kenya haitauza tena damu ya ndovu wake. Fedha za wafadhili zikamiminika na majangili wakarudishwa nyuma. Kazi ile ilikuwa kubwa, wala si insafu kuibeza. Lakini shirika likaaminika London na Washington kabla ya kuaminika Kitengela na Mbirikani. Likaahidi kwamba asilimia 25 ya viingilio vya mbuga itakwenda kwa jamii zinazoishi na wanyama. Ahadi hiyo ikashindwa kutimizwa kama ilivyotamkwa. Ahadi ni deni, na deni lisilolipwa huzaa riba.

Riba ile ilidaiwa Kitengela tarehe 20 Juni 2012. Simba walikuwa wameingia katika makazi ya Ilkeek-Lemedung'i wakaua mbuzi. Kulipopambazuka, wenyeji waliwazingira. Askari wa KWS walifika, na ilitarajiwa kwamba madaktari wa wanyama wangekuja na dawa ya usingizi ili simba hao warudishwe mbugani. Wenyeji hawakungoja. Simba sita, wakiwamo watoto, waliuawa kwa mikuki. Lawama zilienea kote: wengine waliwaita wenyeji wale wakatili, wengine wakauliza askari walikuwa na kazi gani.

Mimi hujiuliza swali jingine. Kwa nini hawakungoja? Mtu hungoja pale anapoamini kwamba anachongojea kitakuja. Mgonjwa hukaa katika foleni ya zahanati saa nne kwa sababu anajua daktari yumo ndani. Akishajua kuwa daktari hayumo, atakwenda kwa mganga, nawe utamlaumu bure. Wale waliorusha mikuki asubuhi ile walikuwa wakitamka hukumu juu ya kila ahadi iliyotangulia.

Miaka minne baadaye ufa ulionekana kwa upande wa pili. Tarehe 30 Machi 2016 simba dume maarufu, aliyeitwa Mohawk, alitoka katika Mbuga ya Nairobi akafika hadi Isinya. Umati ukakusanyika, kelele zikazidi, simba akamjeruhi mtu mmoja, na askari wa KWS wakampiga risasi akafa. Safari hii waliokasirika zaidi walikuwa wapenzi wa wanyama wa mjini na wa ng'ambo. Waliuliza kwa nini dawa ya usingizi haikufika kabla ya risasi. Shirika lilieleza kwamba maisha ya watu yalikuwa hatarini, na hoja hiyo ilikuwa na uzito. Hata hivyo wengi hawakuisadiki.

Hapa pana jambo ambalo wanafunzi wa uongozi wapaswa kulitia moyoni. Shirika hilo moja lilishutumiwa na mfugaji kwa kumpenda simba kuliko mtu, na kushutumiwa na mpenzi wa simba kwa kumpenda mtu kuliko simba. Shutuma mbili zinazopingana haziwezi zote kuwa sahihi, lakini zote mbili zina chimbuko moja: hakuna upande uliokuwa na hakika kwamba shirika litafika kwa wakati likiwa na vifaa. Angalia kwamba mwaka 2012 na mwaka 2016 swali lilikuwa lile lile la daktari na dawa ya usingizi. Kosa likitokea mara moja huitwa ajali. Likijirudia baada ya miaka minne, katika nyika ile ile, watu hulipa jina jingine.

Halafu likaja pigo la mwaka 2018. Vifaru weusi 11 walihamishwa kutoka mbuga za Nairobi na Ziwa Nakuru kupelekwa Tsavo Mashariki. Wote 11 walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba walidhuriwa na maji yenye chumvi nyingi katika makao yao mapya, na mmoja wao alishambuliwa na simba katika hali hiyo ya udhaifu. Maafisa kadhaa walisimamishwa kazi. Tukio hilo lilikuwa mbali na Kajiado, lakini imani haigawanywi kwa mipaka ya kaunti. Aliyesikia kwamba wataalamu hawakuyapima vyema maji ya kifaru, atawasadiki vipi wanapomweleza jinsi ya kulinda mbuzi wake?

Nisije nikaeleweka vibaya. Sikuandika haya ili kulibomoa shirika. Askari wake hulala porini tulalapo vitandani, na baadhi yao wameuawa na majangili wakiwa kazini. Ninachotafuta ni jibu la swali hili: shirika lililopoteza imani katikati ya dhoruba huirudishaje?

Walimwengu wana mifano. Mwaka 1982, katika eneo la Chicago nchini Marekani, watu saba walikufa baada ya kumeza vidonge vya Tylenol vilivyotiwa sianidi na mtu asiyejulikana. Kampuni ya Johnson & Johnson haikuwa imeitia sumu hiyo. Ingeweza kukaa ikijitetea. Badala yake iliondoa madukani chupa zipatazo milioni 31, ikaonya umma usizitumie, kisha ikarudi sokoni na vifungashio vinavyoonyesha wazi kama vimefunguliwa. Haikungoja kuthibitishiwa hatia ndipo itende. Kwa KWS funzo ni dhahiri: si kosa la shirika kwamba simba ana njaa, lakini ni wajibu wake kutenda kana kwamba kila mbuzi aliyeliwa ni mbuzi wake.

Hata sisi walimu tunao mfano wetu. Baada ya mtihani wa KCSE wa mwaka 2015, matokeo ya watahiniwa 5,101 yalifutwa kwa udanganyifu, na vyeti vya vijana wengi waaminifu vikatiliwa shaka pamoja na vya wezi. Machi 2016 bodi ya Baraza la Mitihani la Kitaifa ilivunjwa, na Profesa George Magoha akakabidhiwa uenyekiti. Kilichobadilika kilionekana kwa macho: mwalimu mkuu alitakiwa kwenda mwenyewe alfajiri kuchukua karatasi katika kontena, akajua kwamba zikivuja atajibu yeye. Mwaka huo waliopata alama ya A walikuwa 141, ilhali mwaka uliotangulia walizidi 2,600. Mjadala kuhusu tofauti hiyo uliendelea, lakini hakuna aliyesema kwamba hapakufanyika kitu. Wajibu ulikuwa umepata jina la mtu na saa ya siku.

Turudi Kajiado, maana dawa ya ufa huu imekwisha kujaribiwa papo hapo, na si katika ofisi kubwa.

Tangu mwaka 2000, katika nyika ya Kitengela, ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye mashamba dola 4 kwa ekari kwa mwaka, mradi wasijenge ua, wasiuze ardhi wala kuwadhuru wanyama. Kiasi chenyewe si kikubwa. Lakini waliouanzisha walikuwa na busara moja ambayo kila mwalimu ataitambua: malipo yaligawanywa mara tatu kwa mwaka, yakaenda sambamba na mihula ya shule. Mzazi aliyekuwa akimwona pundamilia kama mwizi wa nyasi, akaanza kumwona kama mchangiaji wa karo. Udhaifu wa mpango huo ulikuwa kutegemea fedha za wafadhili, na fedha za mfadhili ni kama mvua ya Kajiado. Hata hivyo ulithibitisha kwamba malipo madogo yanayofika kwa siku iliyotajwa hujenga imani kuliko ahadi kubwa isiyo na tarehe.

Karibu na mbuga hiyo hiyo, kijana mmoja wa Kimaasai, Richard Turere, alichoka kuona ng'ombe wa baba yake wakiliwa usiku. Akiwa bado mtoto wa umri wa shule ya msingi, aliunganisha betri, kifaa cha kuwaka na kuzima kilichotoka katika pikipiki, na balbu za tochi, akazizungusha zizini. Simba waliokuja waliona taa zikimetameta, wakadhani kuna mtu anayezunguka, wakaondoka. Mwaka 2013 aliueleza uvumbuzi wake mbele ya hadhira ya TED nchini Marekani. Majirani nao walizitaka taa hizo, na mashirika ya uhifadhi yakasaidia kuzieneza. Wanafunzi, zingatieni: suluhisho halikutoka kwa mwenye cheo bali kwa mwenye tatizo. Shirika lenye hekima huomba msaada wa aina hiyo kabla ya msiba, wala haliwahesabu wenyeji kuwa ni wa kuhutubiwa tu.

Kule Mbirikani, tangu mwaka 2003 kumekuwa na mfuko wa kuwafidia wafugaji mifugo inayoliwa, wenye masharti kwamba anayemuua simba huwapotezea wenzake. Miaka michache baadaye ukafuata mpango wa Lion Guardians, unaowaajiri vijana wa Kimaasai wawafuatilie simba na kuwaonya wachungaji. Moran ambaye zamani angejipatia sifa kwa kumuua simba, akaanza kujipatia heshima na riziki kwa kumlinda.

Lakini nisiwapambie mambo. Mei 2023, baada ya ukame mkali, simba mzee aliyeitwa Loonkito, mwenye umri wa miaka 19, aliuawa kwa mkuki katika kijiji cha Olkelunyiet. Siku chache baadaye simba sita waliuawa huko huko Mbirikani baada ya kuua mbuzi 11 na mbwa mmoja. Pale pale palipofanyika mengi mema, mikuki ilirudi. Maana yake ni kwamba imani si nyumba unayoimaliza ukakabidhiwa ufunguo. Imani ni kama mifugo yenyewe: usipoilisha leo, kesho hutaikuta zizini.

Wala tusisahau kinachopimwa katika mizani hii. Aprili 2025 msichana wa miaka 14 aliuawa na simba katika makazi yanayopakana na Mbuga ya Nairobi. Alikuwa na umri wa wanafunzi tunaowasomesha. Mbele ya msiba wa namna hiyo, taarifa iliyoandikwa vizuri haina thamani yoyote ikiwa mzazi wa jirani hajui ampigie nani simu usiku, na kama atakayepigiwa atakuja.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Kwanza, shirika liwafikie watu kabla ya kuwafikia wanahabari. Kitengela, Isinya na vitongoji vilivyo kando ya mbuga vyahitaji kikosi chenye daktari na dawa ya usingizi kilicho karibu, na namba ya simu inayojulikana na kila mchungaji kama anavyolijua jina la chifu wake.

Pili, deni lilipwe hadharani. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa anayeuawa, milioni 3 kwa anayepata ulemavu wa kudumu, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine. Mifugo nayo hulipwa kwa bei ya soko. Kabla ya hapo fidia ya kifo ilikuwa shilingi 200,000. Hiyo ni sheria njema. Lakini madai yamelimbikizana kwa miaka, na sheria njema isiyotekelezwa hukera kuliko sheria mbaya, kwa sababu imekwisha kumwonjesha mtu haki kisha ikamnyima. Kamati ya kaunti isome katika baraza idadi ya madai yaliyopokewa, yaliyokubaliwa, yaliyokataliwa na kwa sababu gani, na yaliyolipwa. Hata asiyelipwa ataheshimu hesabu iliyo wazi. Asilolisamehe ni kimya.

Tatu, ukweli usemwe mapema, ukiwamo ule unaolitia shirika aibu. Kama gari lilikuwa bovu siku ya msiba, isemwe kwamba lilikuwa bovu, na litatengenezwa lini. Umma hauhitaji shirika lisilokosea. Wahitaji shirika ambalo kosa lake husikika kwanza kutoka kinywani mwake.

Walimu wenzangu, mada hii yafaa insha na mijadala yetu, maana wanafunzi wetu ndio watakaokuwa maafisa wa KWS, mabaraza, hospitali na shule za kesho. Tuwafundishe kwamba cheo hukabidhiwa kwa barua, lakini imani hukabidhiwa na watu, nao wanaweza kuitwaa. Na ninyi wanafunzi mnaosoma kando ya barabara ya Namanga, msiridhike na kuandika kwamba wanyama ni urithi wetu. Ulizeni kaunti yenu madai mangapi ya fidia hayajalipwa mwaka huu. Swali hilo likiulizwa na darasa zima, kwa adabu na kwa maandishi, litakuwa limeanza kuuziba ufa.